Kupima Sumu ya Metali Nzito kwa Mwani wa Hadubini: Mwongozo kwa Anayeanza Maabara

Kila msimu wa miradi ya utafiti unapofika hapa Dar es Salaam, wanafunzi wanaotaka kujua metali nzito inafanya nini kwa mwani wa hadubini hukwama mahali pale pale, na maswali yao hufanana. Mmoja ataeleza kwamba ameweka shaba miligramu tano kwa lita na mwani umebaki wa kijani kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwingine atauliza kwa nini majibu ya wiki hii hayafanani na ya wiki iliyopita ilhali hakubadilisha kitu. Wa tatu ameletewa jibu la maabara kwamba mwani wake una kadimi nyingi, naye anataka kuandika kwamba kadimi hiyo imeingia ndani ya seli. Mwongozo huu umeandikwa ili wewe unayeanza uyapate majibu hayo kabla hujamwaga kemikali, muda na fedha.

Karibu makosa yote niliyoyaona yana chanzo kimoja. Kinachodhuru mwani si metali uliyoipima kwenye mizani, bali ni ioni huru zinazobaki majini baada ya EDTA (kemikali inayoshika na kufunga ioni za metali), fosfati, kuta za chupa na mwani wenyewe kuchukua sehemu zao. Kila hatua hapa chini inalenga kuzilinda ioni hizo zisipotee bila wewe kujua, au kukuwezesha kujua zimekwenda wapi.

Nadharia nitaigusa kidogo tu. Shaba na zinki ni virutubisho ambavyo mwani unavihitaji kwa kiasi kidogo sana, na vikizidi vinageuka sumu. Risasi, zebaki na kadimi hazina kazi inayojulikana katika seli nyingi, isipokuwa kwamba diatomu ya bahari *Thalassiosira weissflogii* inaweza kutumia kadimi katika kimeng'enya cha kushughulikia kaboni dioksidi pale zinki inapokosekana. Metali ikizidi hushika vikundi vya salfa katika protini na kudhoofisha usanisinuru, na shaba inaweza kuchukua nafasi ya magnesi katikati ya klorofili. Seli nayo hujitetea: ukuta wake hushika ioni nyingi kabla hazijapenya, na ndani hutengeneza peptidi ndogo ziitwazo fitokelatini ambazo hufunga metali na kupunguza makali yake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mwani wa aina moja, uliotoka kwenye hifadhi inayoaminika au kwenye maabara inayoutunza kwa kumbukumbu.
- Chupa za koni za mililita 250 za kioo cha borosilikati au, bora zaidi, za plastiki ya polikaboneti, pamoja na vizibo vya pamba au sponji vinavyopitisha hewa.
- Maji yaliyoondolewa ioni.
- Asidi ya nitriki, chumvi za virutubisho, na chumvi ya metali unayotaka kuipima, zote za daraja la uchambuzi.
- Hadubini, kioo cha kuhesabia seli cha Neubauer, pipeti, kipima pH na kipima mwanga.
- Mashine ya kutikisa chupa, taa nyeupe, na chumba au kabati ambalo joto lake unaweza kulidhibiti.
- Glavu, miwani ya kinga, koti la maabara, na dumu la plastiki lenye lebo kwa ajili ya maji taka yenye metali.
- Kwa sehemu ya mkusanyiko: sentrifuji, tanuri la kukaushia, kabati la kuvuta mvuke, na makubaliano na maabara yenye spektrometa ya ufyonzaji wa atomi.

Kuhusu maji, nasisitiza kuliko jambo jingine lolote katika orodha hii. Maji ya bomba yana klorini, na maji ya visima vingi vya jiji hili yana chumvi. Yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri hujui yamepita kwenye mabomba gani. Hata maji yaliyokenekwa hapo hapo maabara yanaweza kukuangusha ikiwa mtambo una koili ya shaba, kwa sababu shaba hiyo hujichanganya kidogo kidogo na maji. Peleka sampuli ya maji yako ikapimwe metali unayoichunguza kabla hujafanya jambo lingine.

Kumbuka pia kwamba Tanzania ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Msimamizi wa maabara yako ahakikishe ununuzi na utunzaji wa chumvi za kadimi, risasi na zebaki unafuata taratibu hizo.

Sehemu ya kwanza: kupima sumu

Hatua hizi zinafuata kwa sehemu kubwa Mwongozo Namba 201 wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), ambao ndio unaotumiwa na maabara nyingi duniani kwa jaribio la saa 72 la ukuaji wa mwani wa maji baridi.

1. Chagua kiumbe mmoja. *Raphidocelis subcapitata*, mwani wenye umbo la mwezi mwandamo uliotengwa mwaka 1959 kutoka mto Nitelva nchini Norwei, ndio wenye takwimu nyingi za kulinganishia. Katika vitabu vya zamani utaukuta kwa majina ya *Selenastrum capricornutum* na *Pseudokirchneriella subcapitata*. Yote ni kiumbe yule yule. *Chlorella vulgaris* ni imara na rahisi kutunza, kwa hiyo unamfaa anayeanza. Sayanobakteria zenye nyuzi, kama *Anabaena* na spirulina, waachie wenye uzoefu, kwa sababu hazihesabiki vizuri kwenye kioo. Usichote mwani wa bwawani ukauita *Chlorella* kwa kuwa tu ni wa kijani na wa mviringo.

2. Osha vyombo kwa asidi. Osha kwanza kwa sabuni isiyo na fosfati, suuza, kisha loweka usiku kucha katika asidi ya nitriki ya asilimia 10. Unapoitengeneza, mimina asidi ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Baada ya hapo suuza mara kadhaa kwa maji yaliyoondolewa ioni na ukaushe chupa zikiwa zimefunikwa, kwani vumbi la jiji lina metali zake. Tenga chupa za ulinganisho, yaani zile zisizowekwa metali, na uzitumie kwa ulinganisho peke yake miaka yote. Chupa iliyowahi kubeba kadimi nyingi haiaminiki tena kwa kazi hiyo.

3. Tengeneza maji ya virutubisho yenye EDTA kidogo. Hapa ndipo penye jibu la swali la shaba miligramu tano. Wengi hutumia maji ya Bold, mchanganyiko wa virutubisho wa kukuzia mwani, kwa sababu ndiyo waliyoyazoea, na mwani hustawi kweli kweli ndani yake. Lakini maji hayo yana EDTA miligramu 50 kwa lita, kiasi ambacho kwa nadharia kinaweza kushika zaidi ya miligramu 10 za shaba kwa lita. Zaidi ya hayo, yenyewe tayari yana takriban miligramu 0.4 za shaba kwa lita, na mwani hauoni shida kwa sababu EDTA imeishika. Ukiongeza miligramu tano juu yake, nayo inafungwa. Fosfati yake nyingi pia hugandisha risasi hadi ikatua chini ya chupa.

   Kwa jaribio la metali tumia maji ya OECD. Andaa akiba nne, yaani miyeyusho mizito ya kupunguzwa baadaye. Akiba ya kwanza, kwa lita: kloridi ya amoniamu gramu 1.5, kloridi ya magnesi yenye maji sita gramu 1.2, kloridi ya kalsi yenye maji mawili gramu 1.8, salfati ya magnesi yenye maji saba gramu 1.5, na KH2PO4 gramu 0.16. Akiba ya pili: FeCl3 yenye maji sita miligramu 64 na Na2EDTA yenye maji mawili miligramu 100 kwa lita. Akiba ya tatu: asidi ya boriki miligramu 185, MnCl2 yenye maji manne miligramu 415, ZnCl2 miligramu 3, CoCl2 yenye maji sita miligramu 1.5, CuCl2 yenye maji mawili miligramu 0.01 na Na2MoO4 yenye maji mawili miligramu 7 kwa lita. Akiba ya nne: NaHCO3 gramu 50 kwa lita. Katika kila lita moja ya maji ya jaribio weka mililita 10 za akiba ya kwanza na mililita moja moja ya zile tatu. EDTA itakuwa miligramu 0.1 tu kwa lita, inayotosha kuzuia chuma kisigande na isiyotosha kuficha metali unayoipima. Akiba ya pili na ya nne zichuje kwa chujio la maikromita 0.2 badala ya kuzipika kwenye otoklevu.

4. Tengeneza akiba ya metali na uandike uzito wa metali, si wa chumvi. Kosa hili ni jepesi na linaharibu kila kitu kinachofuata. Kupata miligramu 1,000 za shaba kwa lita unahitaji gramu 3.93 za CuSO4 yenye maji matano. Kwa zinki ni gramu 4.40 za ZnSO4 yenye maji saba, kwa risasi gramu 1.60 za Pb(NO3)2, na kwa kadimi gramu 2.03 za CdCl2 yenye maji mawili na nusu, au 1.63 ikiwa ni chumvi kavu isiyo na maji. Soma lebo ya kopo, kwani tofauti kati ya chumvi hizo mbili za kadimi inakaribia robo nzima. Tunza akiba katika chupa ya plastiki.

5. Andaa mbegu, yaani mwani wa kuanzishia jaribio. Siku tatu kabla ya jaribio, hamishia mwani kidogo kwenye maji yale yale ya OECD ili siku ya jaribio uwe katika ukuaji wa kasi. Mbegu iliyotoka moja kwa moja kwenye maji ya Bold huja na EDTA yake. Tuseme mbegu ina seli milioni mbili kwa mililita nawe unataka seli 10,000 kwa mililita katika chupa yenye mililita 100. Utaweka mililita 0.5. Hiyo nusu mililita ya maji ya Bold inaongeza EDTA miligramu 0.25 kwa lita, yaani mara mbili na nusu ya ile iliyokuwemo. Kazi yote ya hatua ya tatu inakuwa imepotea kwa tone moja.

6. Fanya jaribio la awali. Kwa shaba jaribu mikrogramu 10, 32, 100, 320 na 1,000 kwa lita, chupa moja moja, pamoja na chupa mbili zisizo na shaba. Utakachotafuta ni kujua wapi athari inaanza na wapi ukuaji unasimama. Usiruke hatua hii kwa kuamini takwimu za makala ya watu wengine, kwa sababu maji yao hayakuwa maji yako.

7. Panga jaribio kamili. Chagua viwango vya ukolezi visivyopungua vitano ndani ya masafa uliyoyapata, kila kimoja kikiwa kimezidishwa kwa namba ile ile isiyozidi 3.2. Weka chupa tatu kwa kila kiwango na chupa sita za ulinganisho. Changanya metali na maji ya virutubisho jana yake, uache usiku mmoja ili EDTA, kalsi na metali zipatane, ndipo uweke mwani. Panga chupa bila mpangilio maalumu chini ya taa, na uzihamishe nafasi kila siku. Ukiziweka zote za ukolezi mkubwa pembeni penye mwanga hafifu, utakuwa unapima kivuli.

8. Dhibiti mwanga na joto. Mwanga uwe mfululizo, kati ya luksi 4,440 na 8,880 kwenye usawa wa chupa. Joto liwe kati ya nyuzi 21 na 24 na lisiyumbe zaidi ya nyuzi 2. Hapa Dar, hasa kuanzia Januari hadi Machi, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 bila taabu, na taa nazo huongeza joto lao. Namba inayoonyeshwa na kiyoyozi ni ya hewa iliyo karibu nacho. Wewe tumbukiza kipimajoto katika chupa ya maji matupu iliyokaa katikati ya nyingine na uiandike namba hiyo asubuhi na jioni. Umeme ukikatika, andika saa ulipokatika na saa uliporudi. Giza la saa chache linaweza kuvumilika iwapo chupa za ulinganisho zitatimiza masharti ya hatua ya kumi na moja, ila giza la usiku mzima linadai uanze upya.

9. Hesabu seli kila baada ya saa 24. Chukua mililita moja, weka tone la iodini ya Lugol, na jaza kioo cha Neubauer. Kila mraba mkubwa una ujazo wa sehemu moja ya elfu kumi ya mililita, kwa hiyo wastani wa seli kwa mraba mkubwa ukizidishwa kwa 10,000 unakupa seli kwa mililita. Utaona mara moja tatizo la siku ya kwanza: kwa seli 10,000 kwa mililita unapata wastani wa seli moja tu kwa mraba, na hesabu ya namna hiyo haina maana. Idadi ya kuanzia ikokotoe kutokana na mbegu, ambayo umeihesabu ikiwa nzito.

   Usihesabu tu, tazama. *Chlorella* yenye afya hugawanyika ndani ya seli mama, ukuta wake ukapasuka, na watoto wakatawanyika. Kwenye kioo utaona vidoa vidogo vinavyolingana, rangi ya kahawia ya iodini ikiwa imeenea sawa. Katika chupa zenye shaba nyingi vidoa ni vichache na vinene, kwa sababu seli imeendelea kuvimba bila kugawanyika. Mara nyingine nne zimebaki zimebanana kama zilivyozaliwa. Picha hiyo inaeleza kwa nini kipimo cha ukungu kwenye spektrofotometa kwa nanomita 750 au 680 kinaweza kudanganya: seli chache zilizovimba huzuia mwanga mwingi, na klorofili kwa kila seli hubadilika metali ikiwepo. Tumia spektrofotometa kwa wepesi wake, lakini majibu ya mwisho yategemee hesabu ya seli.

10. Pima pH na metali halisi. Pima pH ya kila chupa mwanzo na mwisho. Mwani unapokua hunyonya kaboni dioksidi, pH hupanda, na shaba iliyokuwa ioni huru inageuka misombo ya haidroksidi na kabonati. Mwongozo wa OECD unaruhusu pH ya chupa za ulinganisho kupanda kwa tofauti isiyozidi 1.5, lakini kwa metali lenga isipande zaidi ya 0.5. Dawa yake ni mbegu kidogo, vizibo vinavyopitisha hewa na kutikisa bila kusimama. Usikimbilie bafa ya Tris, kwani hushika shaba. Kwa metali, chuja sampuli ya mwanzo na ya mwisho kwa chujio la maikromita 0.45, ongeza asidi ya nitriki hadi pH iwe chini ya 2, na utunze kwenye chupa ya plastiki iliyooshwa kwa asidi hadi siku ya kupimwa. Hesabu zako zote zitumie ukolezi uliopimwa, wala si ule uliokusudia.

11. Kagua ubora, kisha kokotoa. Jaribio halihesabiki ikiwa mwani katika chupa za ulinganisho haukuongezeka angalau mara 16 ndani ya saa 72, ambayo ni kasi ya 0.92 kwa siku. Kasi ya ukuaji ni tofauti ya logi asilia ya idadi ya mwisho na ya mwanzo, ikigawanywa kwa siku. Asilimia ya kudumaa ni tofauti ya kasi ya ulinganisho na kasi ya chupa husika, ikigawanywa kwa kasi ya ulinganisho, mara mia.

    Chukua mfano. Ulinganisho umetoka seli 10,000 hadi 1,000,000 kwa mililita. Kasi ni 1.535 kwa siku. Chupa yenye metali imetoka 10,000 hadi 100,000. Kasi ni 0.768. Ukuaji umedumaa kwa asilimia 50. Sasa chukua namba hizo hizo ukokotoe kwa idadi ya seli zilizoongezeka: 990,000 dhidi ya 90,000, na kudumaa kunakuwa asilimia 91. Chupa ni zile zile. Ndiyo maana EC50, yaani ukolezi unaodumaza kwa nusu, haina maana usipotaja imetokana na kasi au na mavuno (idadi ya seli zilizoongezeka). Mimi nashauri kasi, kwa kuwa mavuno hubadilika kwa muda wa jaribio na kwa jinsi ulinganisho ulivyostawi. Chora asilimia ya kudumaa dhidi ya logi ya ukolezi na usome EC50 kwenye mchoro uliolinganishwa kwa programu ya takwimu.

Sehemu ya pili: kupima kilichokusanywa

Usijaribu kupata takwimu za mkusanyiko kutoka kwenye chupa za sehemu ya kwanza. Mwani wake ni mchache mno kuupima kwa mizani. Unahitaji mwani mzito zaidi, kama miligramu 100 kavu kwa lita, nao ukiwa mwingi hivyo kila seli inapata metali kidogo zaidi, kwa hiyo sumu itaonekana pungufu. Usiyachanganye majaribio haya mawili katika jedwali moja.

12. Weka mwani kwenye metali kwa muda uliopangwa. Tumia chupa mbili zinazofanana kwa kila kipimo, na chupa ya tatu yenye maji na metali bila mwani. Hiyo ya tatu itakuambia kuta za chupa zimechukua kiasi gani. Chukua sampuli mapema pia, kwa mfano dakika 10 na saa moja, kwa sababu metali hunata kwenye ukuta wa seli ndani ya dakika chache, wakati kupenya ndani huendelea kwa saa na siku.

13. Vuna na uoshe kwa njia mbili. Zungusha kwenye sentrifuji na uhifadhi maji ya juu kwa ajili ya kupimwa. Mwani wa chupa ya kwanza usuuze haraka kwa maji ya virutubisho yasiyo na metali. Huu utatoa jumla. Mwani wa chupa ya pili uchanganye na EDTA ya milimoli 10 kwa lita kwa dakika 10, kisha uzungushe tena na usuuze. EDTA imeng'oa iliyonata nje, na iliyobaki unaihesabu kuwa ya ndani. Usizidishe muda huo, kwa sababu EDTA ikikaa sana huanza kuvujisha seli.

14. Kausha, yeyusha, pima. Kausha kwa nyuzi 60 hadi uzito usibadilike, pima, kisha yeyusha kwa mililita 2 za asidi ya nitriki nzito kwa nyuzi 95 ndani ya kabati la kuvuta mvuke hadi kimiminika kiwe angavu. Kila mara yeyusha pia bomba moja lisilo na mwani. Jaziliza hadi mililita 25 na upeleke kwenye spektrometa.

15. Funga hesabu. Tuseme ulianza na mililita 200 zenye kadimi miligramu 0.3 kwa lita, yaani miligramu 0.06 kwa jumla, na umevuna miligramu 20 za mwani mkavu. Sampuli ya kusuuza imesomeka miligramu 1.2 kwa lita katika mililita 25, yaani miligramu 0.03, sawa na miligramu 1,500 kwa kilo ya mwani mkavu. Sampuli ya EDTA imesomeka 0.4, yaani miligramu 0.01, sawa na 500 kwa kilo. Kwa hiyo theluthi mbili ya kile ambacho ungekiita "kimekusanywa" kilikuwa nje ya seli. Maji yamebaki na 0.1 kwa lita, yaani miligramu 0.02. Jumla ni 0.05 kati ya 0.06, na chupa isiyo na mwani ikionyesha upungufu wa karibu 0.01, hesabu imefunga. Uwiano wa mkusanyiko, yaani metali ya kwenye mwani ikigawanywa kwa iliyobaki majini, ni 500 kugawanya kwa 0.1, yaani lita 5,000 kwa kilo, nawe utaje wazi kwamba ni wa metali ya ndani. Jibu la maabara lisilo na hesabu ya namna hii halikuruhusu kuandika kwamba metali imeingia kwenye seli.

Mambo yakienda kombo

*Ulinganisho haukui.* Shuku maji kwanza, kisha mabaki ya asidi kwenye chupa, kisha joto. Tengeneza chupa mbili kwa maji kutoka chanzo kingine. Zikikua, umepata jibu.

*Mwani unakua vizuri zaidi penye metali kidogo kuliko kwenye ulinganisho.* Kwa zinki na shaba hili linawezekana kabisa ikiwa maji yako yana upungufu wa virutubisho hivyo. Kwa kadimi, angalia tena lebo na mbegu.

*Majibu hayafanani kutoka wiki hadi wiki.* Linganisha pH ya mwisho, umri wa mbegu na idadi ya kuanzia. Mbegu iliyochoka ya wiki mbili haiwezi kujibu kama ya siku tatu. Angalia pia kalsi na magnesi: ioni za metali hugombea nafasi kwenye ukuta wa seli kama abiria wanaogombea viti vya daladala la Mbagala jioni, na maji yenye kalsi nyingi huwaachia metali nafasi chache.

*Kuna utando mweupe au chembe chini ya chupa.* Metali imeganda, mara nyingi risasi na fosfati. Ukolezi uliokusudia haupo tena majini, kwa hiyo punguza viwango na utegemee sampuli zilizochujwa.

*Bakteria wamejaa.* Wao pia hushika metali. Anza upya na mbegu safi, na usijaribu kuwaua kwa dawa ndani ya jaribio.

*Nataka kutumia maji ya bahari.* Badili kiumbe na maji yote. Kloridi ya bahari hufunga kadimi kwa kiasi kikubwa, hivyo sumu yake huonekana ndogo kuliko kwenye maji baridi. Maji ya f/2 yanayopendwa kwa diatomu yana EDTA miligramu 4.36 kwa lita. Yaandae bila EDTA hiyo au uipunguze sana.

*Nataka kupima maji ya mto Msimbazi yenyewe.* Yachuje siku ile ile kwa maikromita 0.45, na uongeze virutubisho vya OECD kwa kiasi sawa katika sampuli na katika ulinganisho, la sivyo taka zenye naitrojeni zitaufanya mwani ustawi na kuficha sumu. Mto huu hubeba pia mabaki ya viumbe yaliyooza ambayo hufunga metali karibu kama EDTA inavyofanya, kwa hiyo sampuli yenye shaba nyingi kwa kipimo cha spektrometa inaweza isidumaze mwani. Ripoti namba zote mbili. Chukua sampuli za kiangazi na za masika kando kando, kwani mafuriko ya bonde la Jangwani hubadilisha kila kitu majini. Wala usitumie jibu la mwani kumwambia mkulima wa mchicha kando ya mto kwamba mboga zake ni salama au si salama. Mboga hupimwa kwa kipimo chake.

*Nimwage wapi mabaki?* Si kwenye sinki. Maji ya jaribio, maji ya kusuuzia, EDTA ya kuoshea na mwani wenyewe vyote viingie kwenye dumu lenye lebo inayotaja metali, kiasi na tarehe. Asidi ya kuoshea chupa iwe na dumu lake, lisichanganywe na lile la kwanza wala na jiki. Dumu likijaa, likabidhiwe kwa anayeruhusiwa kisheria kushughulikia taka hatarishi, na msimamizi wako asaini kwenye daftari la maabara kwamba limeondoka.